Sauti Namba Kumi na Moja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakushika miguu kwa kalamu, maana kwa mikono sikufikii. Goti linaendeleaje? Mjomba aliniambia siku hizi unapanda ngazi za nyuma bila kushika ukuta, nikamwambia huyo si Mama ninayemjua mimi, labda aliingia nyumba ya watu. Na macho je? Nimejaribu kunenepesha herufi ili usihangaike na miwani. Najua kalamu nyekundu iko karibu yako. Sahihisha tu, Mama, nimezoea, tangu darasa la tatu barua zangu zinarudi zimechubuka. Ila hii moja nakuomba uisome yote kwanza, mpaka jina langu la chini, ndipo uishike hiyo kalamu.

Mimi ni mzima wa mwili. Saluni inakwenda. Mwenzangu wa kiti cha pili kapata mchumba, hasikii la mtu. Juzi kamsuka mteja mistari minane upande mmoja na sita upande wa pili, na mteja akaondoka anashukuru. Tumecheka mpaka tukakaa chini. Ndiyo, Mama, nacheka. Halafu nafika nyumbani, navua viatu, naona ile mashine ya Kaka, ile kompyuta yake, juu ya meza, naifunika kanga ndipo nile.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ningedanganya. Najijua. Nikisikia tu unavyoitikia, mdomo wangu unatafuta la kukufurahisha kabla mimi mwenyewe sijajua ninasema nini. Kaka hakukosea kuniita Kidomo. Wiki ya sita sasa unaniuliza zile sauti zake ziko wapi, na mimi nakujibu kwamba mashine imekataa. Mama, mashine haijakataa. Haijawahi kukataa hata siku moja. Acha nianze mwanzo, ili tukifika panapouma uwe unajua nilivyofika hapo.

Unakumbuka siku ile tuliyomzika Kaka, watu wameshatawanyika, ulinivuta pembeni ukaniambia hutaki saa yake wala mashati yake. Ulisema alikuahidi kwamba anakurekodia maneno, kidogo kidogo, na kwamba angekuletea mwenyewe akipata nafuu. Ukasema hicho tu ndicho unachokitaka, umsikie mwanao. Nikakuapia kwamba utamsikia. Niliapa haraka haraka, kama ninavyofanya mambo yangu yote.

Kwanza niliipeleka kompyuta kwa fundi wa mtaa wa nyuma. Akaiwasha, ikauliza nenosiri, akaangalia kioo kama mtu aliyeletewa chai ya chumvi. Akaniambia huu si mfumo aliofundishwa yeye, hii ni Linux, ni mambo ya wabishi, ila nisiwe na wasiwasi, anaweza kufuta kila kitu akaweka mfumo mwingine, nirudi nyumbani na mashine kama mpya. Alisema anafuta kila kitu huku anatabasamu! Nusura nimtandike kofi. Niliibeba kwapani nikaondoka bila kuaga, na waya wake unaburuta chini.

Bibi mkutubi aliyefanya kazi na Kaka kule maktaba ya chuo ndiye aliyenielekeza kwa Mwalimu. Anafundishia ghorofani, juu ya duka la rangi na misumari. Ni chumba kimoja, meza sita, feni yenye panga moja lililofungwa kwa waya, na kompyuta zilizotupwa na maofisi, nyingine hazina hata mfuniko, unayaona matumbo yake. Mwalimu mwenyewe ni mwanamke mfupi, miwani kaifunga kwa kamba ya kiatu. Alitueleza kwamba mfumo huu ni huria, yaani yeyote anaweza kufungua aone ulivyotengenezwa, arekebishe, ampe na mwenzake bila kumwomba mtu. Nikamuuliza, kama ni wa bure hivyo, kasoro yake ni nini. Akanijibu kwamba kasoro yake ni moja, utalazimika kujifunza.

Basi Mama, mimi niliyeikimbia hesabu nikaishia kusuka nywele, nikawa mwanafunzi. Jumatatu na Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, kabla ya kufungua saluni. Nilikaa na mlinzi mmoja wa shule ambaye alikuja na sare yake akitoka zamu, anabonyeza kwa kidole kimoja kama anamkagua mgeni getini. Tulikuwa tunataniana kutwa. Yeye aliniambia kucha zangu zitatoboa kibodi, mimi nikamwambia mashine yake imezimika kwa kumsubiri.

Mwalimu ana sheria moja tu na haina mjadala. Kila mwanafunzi ana daftari. Kabla ya kuiambia mashine chochote, unaandika amri kwenye daftari kwa mkono wako, na tarehe, unaisoma kwa sauti, unaeleza kila neno linafanya nini, ndipo unaichapa na kubonyeza. Kila kipindi anapita anasoma daftari la kila mtu, hata uliyoyafanya nyumbani. Tulimwona mshamba. Mlinzi alisema hata benki hawaandiki hivyo. Mwalimu akasema mfumo huu unakuamini wewe kuliko unavyojiamini, ukiuambia futa, unafuta, haukuulizi kama umelala vizuri.

Amri ya kwanza kabisa tuliyofundishwa ni ya kuuliza niko wapi. Unaichapa, mashine inakujibu uko kwenye folda gani. Ya pili ni ya kuuliza kuna nini hapa. Halafu tukafundishwa ruhusa: kila faili ina mwenyewe, ina kundi lake, halafu kuna wengine wote, na kila mmoja ana haki yake, huyu asome tu, huyu aandike, huyu asiguse. Na juu ya wote yuko mtumiaji mkuu, ambaye hakuna mlango anaozuiwa. Mwalimu alisema mtu anapanda ukuu kwa kazi moja, akiimaliza anashuka. Anayekaa huko juu ndiye anayebomoa nyumba.

Nitakuambia kitu, nilikipenda. Sikutegemea. Mikono yangu imezoea mistari, na kule nako ni mistari. Ukikosea pa kuanzia, mpaka chini kote panakwenda upande. Siku niliyoweka mfumo mzima kwenye kompyuta iliyokuwa imetupwa, ikawaka, nilipiga kigelegele mpaka muuza rangi akapanda juu kuuliza kuna nini. Na papo hapo nikalia, maana mtu niliyetaka kumwambia ni mmoja tu.

Ulipoandika ile barua ya kuniruhusu kuifungua mashine ya mwanao, Mwalimu aliisoma mara mbili. Ndiyo sababu nilikuomba uiandike, anafundisha njia ya kuingia kwenye mashine ambayo nenosiri lake limepotea, lakini hamfundishi mtu bila kujua mashine ni ya nani. Akauliza ni nani mwenye mwandiko huu. Nikamwambia ni mwalimu kama yeye. Asubuhi ile tuliingia, Mama. Niliandika kila amri, nikaisoma kwa sauti, mlinzi kaacha kazi yake anaangalia. Na kwenye mashine ya Kaka, kimepangwa kila kitu kama kabati lake la nguo, kulikuwa na folda moja imeandikwa Mama. Kaka alikuwa ameifunga, hakuna wa kuisoma ila yeye. Nikapanda ukuu, nikaifungua. Sauti kumi na tisa. Zimepewa namba, ya kwanza mpaka ya kumi na tisa. Niliziandika zote kwenye daftari, namba, tarehe na urefu wa kila moja.

Sikukupigia siku ile kwa sababu nilitaka nizisikilize mimi kwanza. Nilijiambia nahakikisha kama ni nzima. Kila siku moja, mchana, saluni ikiwa haina watu, masikio nimeyaziba kwa vile visikilizio vyake.

Sauti zile kumi za kwanza nimekuandikia kwenye karatasi nyingine, utaziona nyuma ya barua hii, kila moja kama ninavyoikumbuka. Kwenye ya kwanza anahangaika kujua kama chombo kinarekodi, anakusalimia mara tatu. Kwenye ya nne anakuuliza ni mwaka gani tulihamia ile nyumba yenye mlango wa buluu, anabishana nayo peke yake, anataja mwaka, anaukataa. Kwenye ya sita anaimba. Mama, yule mtu hakuwa na sauti, na ugonjwa haukumwongezea. Anaimba kile kibwagizo ulichotufundishia jedwali la kuzidisha, anafika saba mara nane anakosea, anacheka mpaka kikohozi kinamkamata. Kwenye ya tisa birika linachemka nyuma yake na yeye anakusimulia tu jinsi mwanga unavyoingia chumbani saa kumi. Nimeandika maneno, lakini maneno ni mwandiko wangu. Ile pumzi kati ya neno na neno siwezi kuiandika.

Kisha nikaisikiliza ya kumi na moja. Dakika ya kwanza tu alisema jambo linalonihusu mimi, jambo ambalo sikutaka ulisikie. Nitakuambia ni lipi, usiniharakishe, nakwenda huko huko. Niliizima pale pale. Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, niko nyumbani, na Mjomba alikuwa ameshasema atapita saa kumi kuchukua diski ya kukuletea zile sauti, kwa sababu mdomo huu ulikuwa umeshamwahidi.

Nikapata akili, akili yangu ile ya haraka. Nikasema nitakunakilia zote isipokuwa namba kumi na moja, halafu namba kumi na moja nitaifuta kwenye mashine, na hakuna mtu duniani atakayejua ilikuwepo. Kuna amri ya kulinganisha folda mbili. Unaitajia folda mbili, ya kwanza ndiyo ya kufuatwa, ya pili ndiyo inayofuata, na vilivyomo kwenye ya kwanza vinanakiliwa kwenye ya pili. Ukiongeza neno moja, chochote kilichomo kwenye ya pili ambacho kwenye ya kwanza hakimo kinafutwa, ili zifanane. Mimi nililiongeza, kwa sababu diski niliyokuwekea ilikuwa na picha za mitindo ya nywele za saluni, nikataka zitoke, abaki Kaka peke yake. Na ukitaka, unaweza kuitajia faili moja uiambie iiruke, isiinakili wala isiifute, iiache kama ilivyo. Nikaiambia iiruke namba kumi na moja.

Sikuandika kwenye daftari. Daftari lilikuwa hapo hapo, chini ya kiwiko changu, na kalamu imo ndani. Lakini daftari linasomwa, Mama. Jumatatu Mwalimu angepita, angekuta kwa mwandiko wangu kwamba nimeficha sauti ya marehemu asiisikie mama yake. Basi nikachapa moja kwa moja, bila kuandika, bila kusoma kwa sauti, bila hata kuuliza niko wapi. Na nilikuwa bado niko juu, kwenye ukuu, sijashuka tangu nianze kusikiliza. Nikabonyeza.

Nilizitaja folda kinyume. Nilitanguliza diski, nikaifuatisha ya Kaka. Nikaiambia mashine iifanye folda ya Kaka ifanane na diski ya saluni, na mashine ikanitii. Haikuchukua hata muda wa kuvuta pumzi. Nilipofungua ile folda iliyoandikwa Mama, nikakuta picha arobaini na mbili za mitindo ya nywele. Mabutu, mistari, vitunguu, vichwa vya watu nisiowajua vimegeuka kisogo. Na katikati yake sauti moja tu. Namba kumi na moja. Si niliiambia iiruke? Ikairuka. Haikuigusa.

Sikulia. Nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kitanda, mpaka Mjomba akagonga. Nikamwambia mashine imekataa. Yeye akanipa pole, akasema mashine ndivyo zilivyo, akaniachia salamu zako. Nilimsikia anashuka ngazi na mikono mitupu, na bado sikuweza kumwita.

Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu kabla hajafungua. Nilimweleza yote kwenye ngazi, tumesimama, funguo ziko mkononi mwake. Aliahirisha madarasa mawili kwa ajili yangu. Kwanza aliniuliza kama nilikuwa na nakala mahali pengine, ndipo nikakumbuka kwamba somo la nakala alishalifundisha zamani na mimi nilikuwa nataniana na mlinzi. Tulijaribu programu za kufufua vilivyofutwa, siku mbili, yeye na mimi na mlinzi ambaye hakwenda kulala. Lakini ile mashine ya Kaka ina diski ya kisasa, isiyozunguka, na hizo ukifuta kitu zinajisafisha zenyewe. Tulipata kipande cha sekunde nne. Tuliinamisha vichwa vitatu kukisikiliza. Hakina kitu, ni ukimya wa chumba.

Mwalimu alichukua daftari langu akatafuta tarehe ya Jumapili ile. Palikuwa patupu. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Aliuliza tu kwa nini sikuandika, nikamwambia nisingeweza kuandika kitu nisichotaka akisome. Akalifunga taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili, akaniambia niende nikamwambie mwenye sauti zake.

Kwa hiyo nakuambia, Mama. Nimezipoteza. Kumi nimekuandikia, na nane, ya kumi na mbili mpaka ya kumi na tisa, hakuna aliyezisikia wala atakayezisikia, mimi wala wewe. Alikaa akazisema kwa ajili yako, amebanwa na kifua, na mimi nimezifuta kwa mkono huu ninaoandikia.

Na sasa nikuambie nilichokuwa nakificha.

Nilikuambia kila Jumamosi kwamba ninatoka kwa Kaka. Nilikupigia jioni nikakueleza amekula nini, ametaka nini, amenichekesha vipi. Zile Jumamosi za mwanzo ilikuwa kweli. Halafu siku moja nilifika na mkate mkononi, yeye kaweka viti viwili mbele ya mashine. Akaniambia nikae anifundishe. Alisema ni mambo machache tu ya msingi, namna ya kuingia, vitu viko wapi, namna ya kutunza nakala, ili asipokuwepo kuwe na mtu wa kuiangalia. Akasema hivyo, asipokuwepo, kama mtu anayekwenda dukani. Nikapandwa na hasira ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi. Nilimwambia mimi si mrithi wa mabati yake, atafute mwingine wa kumfia. Ndivyo nilivyosema, Mama. Nikautupa mkate mezani na kuubamiza mlango.

Sikurudi tena. Mwanzoni ilikuwa hasira, baadaye aibu, na baada ya hapo ilikuwa woga mtupu wa kuona amekonda kiasi gani. Kila Jumamosi nilivaa. Kuna siku nilifika mpaka chini ya ngazi zake, nikageuka. Na jioni nikakupigia, nikakuambia amekula vizuri.

Nilikuambia pia kwamba alinifia mikononi, kwamba alinishika mkono akakutaja wewe. Sikuwepo. Aliyemkuta ni yule jirani yake fundi cherehani, Jumamosi ya tisa ya kutokwenda kwangu, asubuhi, alipopita na beseni la nguo akaugusa mlango kwa kiwiko ukafunguka. Nilimwomba anyamaze, kwamba nitakuambia mwenyewe, na yeye kwa wema wake akanyamaza. Mkono wa mwanao haukushikwa na mtu. Ulinishukuru mbele ya watu wote, ukasema heri hakuwa peke yake, na mimi nikaipokea ile shukrani.

Hilo ndilo lililokuwa kwenye namba kumi na moja. Anakuambia kwamba leo ni Jumamosi ya saba Kidomo hajaja. Anasema wewe ndiye uliyemwambia kwenye simu kwamba mimi nasema ninakwenda, akaona asinivue nguo, akawa anaitikia kwamba ndiyo, nimetoka pale sasa hivi. Tulikudanganya wawili, Mama, yeye kwa ajili yangu na mimi kwa ajili yangu. Hapo ndipo nilipoizima ile Jumapili.

Kumbe zilikuwa zimebaki dakika nne. Nilizisikiliza siku Mwalimu aliponirudishia daftari. Anasema usinikaripie. Anasema kosa ni lake, alidhani ananifundisha kompyuta kumbe ananiambia anakufa, na mtu haambiwi hivyo akiwa na mkate mkononi. Anasema nitarudi, maana hasira yangu haina miguu mirefu. Halafu anakueleza kwamba siku nyingine zote analala ametia komeo, lakini Jumamosi hatii, kwa sababu mimi nikigonga sisubiri, na yeye siku hizi kufika mlangoni ni safari. Jirani alishangaa sana siku ile kwa nini mgonjwa analala mlango wazi. Mimi sasa najua.

Baada ya hapo anakohoa, ananyamaza, lakini hakizimi chombo. Unasikia kiti. Unasikia hatua za mtu zinapanda ngazi, zinakaribia, na yeye anaita jina langu, pole pole, kwa kuuliza. Hatua zinapita, zinakwenda ghorofa ya juu. Anacheka kidogo, anasema aah, na ndipo anazima.

Nimekusikilizisha kwa maandishi kwa sababu sijui kama utaweza, lakini haki ya kuamua si yangu tena. Diski anayokuletea Mjomba ina hiyo moja tu. Nimeiandika kwenye daftari kabla ya kuinakili, nimeisoma kwa sauti, na Mwalimu na mlinzi walikuwa wamesimama nyuma yangu. Nakala nyingine tatu ziko mahali tofauti. Mtoto wa jirani yako anajua kuifungua. Nakuomba kitu kimoja, isikilize mpaka mwisho, usifanye kama mimi.

Msalimie Mjomba, umwambie ile mashine haikuwa na kosa. Wasalimie majirani, na yule paka mwizi. Mwalimu anakusalimu sana, ameniomba nikuambie kwamba mwandiko wako anauonyesha darasani. Kwenye barua hii nimekosea vingi, vichore vyote vyekundu, sitabisha.

Jumamosi nakuja. Nitafika kama saa nne, na nitagonga mara moja tu, halafu nitasubiri hata kama ni mpaka jioni. Ukiona huwezi kunitazama, tia komeo, nitakaa nje kwenye ngazi na sitakulaumu. Lakini kama utaweza, Mama, hata kidogo, Jumamosi hiyo usitie.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako,

Kidomo